TUSIIUZE MASHINE, TUUTUNZE MGUU WAKE



Jumamosi ijayo tuna mkutano mkuu. Ajenda ya tatu, iliyobandikwa hapa hapa ukutani, inasema hivi: kuuza mashine ya boti kwa bei ya chuma chakavu, na kukopa fedha za kununua mpya. Mimi sikubaliani na ajenda hiyo. Naomba nafasi katika gazeti letu nieleze sababu zangu, ili siku ya mkutano kila mtu awe amekwisha kufikiri nyumbani kwake. Tusije tukanyoosha mikono kwa sababu tu jua ni kali na watu wanataka kuondoka.

Kwanza niwaeleze wanachama wapya, maana nimesikia wakiulizana: ushirika wa Kikuyu na boti wapi na wapi? Hapa kwetu maji ya kunywa tu ni hadithi, seuze maji ya kuendeshea boti! Boti yetu iko Mtera, zaidi ya kilometa mia moja kutoka hapa kwa barabara ya Iringa. Bwawa lile lilijengwa nusu ya pili ya miaka ya 1970 kuhifadhi maji ya mto Ruaha Mkuu kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Kidatu. Mwaka 1988 Mtera nayo ikaanza kufua umeme wake, megawati 80. Mbali na umeme, bwawa lile limetupa perege na kambale. Vijana wetu huenda kwa zamu, hukaa kambini, na samaki huja hapa kwenye kibanda cha ushirika. Fedha hiyo ndiyo iliyoezeka ghala letu na ndiyo iliyosomesha baadhi ya watoto wanaosoma ukuta huu sasa hivi.

Mashine yetu ni ya zamani. Ni ya stroki mbili, ile inayochanganyiwa oili ndani ya petroli, na ilitengenezwa kabla ya wengi wa vijana wanaoiendesha kuzaliwa. Tuliinunua ikiwa imetumika, na bado imetufanyia kazi miaka mingi. Msimu huu ikakwama. Vijana watatu walikuwa katikati ya bwawa saa kumi na moja jioni. Injini ilikuwa ikinguruma vizuri, lakini boti haikwenda. Chini kulikuwa na mlio wa kukwaruza kama jiwe la kusagia lisilo na nafaka. Wakazima, wakapiga makasia, upepo ukawarudisha nyuma. Walifika ufukweni usiku, na kila mtu anajua kwamba Mtera ina viboko na mamba. Asubuhi wakapiga simu: "Mashine imekufa."

Jamani, mashine haikufa. Kilichougua ni mguu wake. Na ugonjwa wenyewe tumeupeleka sisi.

Naomba tuelewane kuhusu huo mguu, maana wengi tunaijua mashine kwa kile kichwa chake kinachopiga kelele. Kutoka kwenye kichwa kuna shafti inayoshuka wima mpaka chini ya maji. Huko chini kuna kijumba cha chuma, mafundi wanakiita gia boksi. Ndani yake gia ndogo ya shafti ya wima inauma gia kubwa zilizolala, na hizo ndizo zinazogeuza mzunguko uende nyuma na kuzungusha pangaboi. Kwa mashine nyingi, injini inazunguka karibu mara mbili ndipo pangaboi lizunguke mara moja. Kwa hiyo nguvu yote ya mashine inapita kwenye meno machache ya chuma, ndani ya kijumba kisichozidi ukubwa wa kibuyu cha maziwa. Meno hayo yanaishi kwa oili. Kinachozuia oili isitoke na maji yasiingie ni sili za mpira, nyembamba kama pete. Basi. Hiyo ndiyo siri yote ya mguu: meno, oili, na pete za mpira.

Fundi alipofungua skrubu ya chini mbele yetu, kilichotoka hakikuwa oili. Kilikuwa kitu kama chai ya maziwa iliyolala. Fundi akasema: "Hii rangi ni maji yamechanganyika na oili. Maji yameingia siku nyingi." Akavua pangaboi. Nyuma yake, kwenye shafti, tulikuta uzi wa nyavu umejisokota, ule wa plastiki unaong'aa. Nyavu za uzi huo, zinazoitwa timba, zimepigwa marufuku kisheria, lakini vipande vyake vinaelea majini na pangaboi linavizoa. Uzi unajiviringisha kwenye shafti, unapata moto, unakata sili kama wembe. Sili ikikatika, oili inatoka na maji yanaingia. Maji yakiingia, beringi zinaota kutu. Mambo yote haya yanatokea gizani, chini ya maji, huku kichwa kikiendelea kunguruma na sisi tukiendelea kusifu kwamba mashine iko imara.

Sasa swali langu kwa wanachama: pangaboi lilivuliwa lini mara ya mwisho kabla ya siku ile? Nimeuliza wavuvi wote. Kila mmoja alinijibu: "Nilidhani zamu iliyopita wamefanya." Oili ya gia ilibadilishwa lini? "Muulize mweka hazina." Mweka hazina anasema hakuna aliyeleta ombi. Hapo ndipo penye kidonda. Kazi ya watu wote ikageuka kuwa si kazi ya mtu.

Wala sinyooshi kidole kwa wengine nikajificha. Nilikuwa kwenye kamati iliyopita. Tulipopanga bajeti tulikuta fungu la oili ya gia na sili. Mmoja wetu akasema mbona mashine inatembea vizuri, na mimi nikaunga mkono. Fungu lile tukalihamishia kwenye soda na chakula cha wageni. Soda zile nilikunywa na mimi. Chupa ya oili ya gia bei yake haizidi ndoo ndogo ya perege. Leo tunazungumza mkopo wa mamilioni.

Lipo na jambo la msumari. Mashine kama yetu ina pini ndogo ya chuma laini inayoshikanisha pangaboi na shafti. Kazi ya pini hiyo ni kukatika. Ndiyo, imetengenezwa ikatike. Mtera ilifunika pori zima na miti yake, na mpaka leo visiki vimesimama chini ya maji. Mwaka wa ukame maji yakishuka, visiki vinakuja juu karibu na boti. Pangaboi likigonga kisiki, pini inakatika, meno ya gia yanasalimika. Unaweka pini nyingine, unaendelea na safari. Sasa mtu mmoja katika sisi, simtaji, alichoka kubadilisha pini. Akakata msumari wa inchi nne, akaupigilia pale. Akajisifu kwamba tangu siku hiyo pini haijakatika. Ni kweli, haikukatika! Ila kila kisiki tulichogonga baada ya hapo, kishindo chake kilikwenda moja kwa moja kwenye meno ya gia. Fundi alipouchomoa ule msumari alitikisa kichwa. Kisha akatupa habari njema, ambayo ndiyo msingi wa maoni yangu: meno yamechakaa kidogo lakini yote yapo. Kilichoharibika ni sili zote na beringi moja yenye kutu. Bahati ilituhurumia kuliko tulivyostahili.

Sasa wanaotaka tuuze wana hoja, na si haki nizipuuze.

Hoja ya kwanza: spea za mashine ya zamani hazipatikani. Kwa gia na impela hoja hiyo ina ukweli, kwa sababu vitu hivyo vinatakiwa vya aina ya mashine yenyewe. Lakini beringi ina namba yake imechongwa kwenye ukingo wa chuma. Ukienda na namba hiyo kwenye duka la beringi hapa Dodoma au Dar es Salaam, muuzaji hakuulizi ni ya boti, ni ya trekta, au ni ya mashine ya kusaga. Sili nayo inapimwa vipimo vitatu: unene wa shafti inapopita, upana wa tundu inapokaa, na kina chake. Ukiwa na vipimo hivyo umepata sili. Ugonjwa wa mashine yetu leo ni wa beringi na sili. Kwa nini tuuze ng'ombe kwa sababu ana kupe?

Hoja ya pili: mashine mpya za stroki nne hazili petroli nyingi, wala hazimwagi oili kwenye maji tunayovulia. Hoja hii ni nzuri na mimi naikubali. Iko siku tutanunua moja, tukiwa na akiba yetu wenyewe. Lakini sikilizeni: mguu wa mashine hiyo mpya ni ule ule. Una gia, una oili, una sili, una impela. Uzi wa timba hauchagui mashine ya zamani na mpya. Tukiinunua tukiwa na tabia hizi hizi, baada ya misimu michache tutakuwa na mashine mbili za kuuza chuma chakavu, na deni juu.

Sisi watu wa Dodoma hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Kongwa ni jirani zetu. Wazee walitusimulia mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947. Yaliletwa matrekta kwa wingi, mengi yakiwa yametumika kwingine, na fedha haikuwa tatizo. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi ni mgumu kama saruji. Majembe yakavunjika, matrekta yakalala porini yakingoja spea na mafundi wa kutosha. Mvua nayo haikufuata mipango ya London. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, na hasara ikahesabiwa kama paundi milioni 36. Sababu za kuanguka zilikuwa nyingi, sisemi ni moja. Lakini somo moja linatuhusu: kununua mashine na kuwa na mashine ni mambo mawili tofauti. Mwenye mashine ni yule anayeitunza.

Kwa hiyo napendekeza mkutano ukatae kuuza, upitishe fedha za sili, beringi na oili, na upitishe pia utaratibu ufuatao. Bila utaratibu huu, hata matengenezo yenyewe nayapinga, maana tutakuwa tunatwanga maji.

1. Awepo mtu mmoja mwenye jina. Tumchague mtunza mashine kwa miezi sita sita. Jina lake libandikwe hapa ukutani. Mashine ikiugua, aulizwe yeye kwanza, na aulize yeye wengine. Apewe posho yake, kwa sababu kazi hiyo ni kazi.

2. Liwepo daftari. Kila zamu waandike saa walizotembea, walichogonga, na walichobadilisha. Oili ya gia ibadilishwe kila baada ya saa mia za kazi au kila miezi sita, kimojawapo kitakachotangulia. Itumike oili ya gia inayotajwa kwenye kitabu cha mashine, kwa yetu ni namba 90. Si oili ya injini, na wala si ile nyeusi iliyomwagwa na lori!

3. Oili ijazwe inavyotakiwa. Hili vijana wengi hawalijui, nami sikulijua mpaka siku ile. Mguu unajazwa kutoka tundu la chini, tundu la juu likiwa wazi, mpaka oili itokee juu bila mapovu. Ukijaza kutoka juu, hewa inabaki ndani na unadhani imejaa. Ikishajaa, funga skrubu ya juu kwanza, ndipo utoe mrija na kufunga ya chini haraka. Vijiwasha vya skrubu viwe vipya kila mara. Na oili ya zamani isimwagwe kabla ya kutazamwa: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, ikiwa na unga laini sana wa chuma, ni uchakavu wa kawaida, ikiwa na vipande unavyoweza kuviokota kwa vidole, simamisha mashine siku hiyo hiyo.

4. Pangaboi livuliwe kila mwisho wa wiki. Ni nati moja na pini yake. Toa uzi wote, futa shafti, paka grisi, rudisha. Kazi hiyo haimalizi muda wa kuchemsha ugali.

5. Mashine ikiwaka, tazameni mkojo wake. Ule mchirizi wa maji unaotoka pembeni unasema pampu ya maji inafanya kazi. Ndani ya pampu hiyo kuna impela ya mpira, nayo iko mguuni, juu ya gia boksi. Maji ya Mtera yana tope la Ruaha, na tope linakula mpira. Impela ikaguliwe na ibadilishwe kila mwaka. Mchirizi ukikatika, zima mara moja. Na mtu asiiwashe mashine nchi kavu eti aonyeshe wageni inavyonguruma. Mpira ule bila maji unaungua kwa muda mfupi sana.

6. Ndani ya boti kiwemo kisanduku: pini sita za chuma laini za kipimo chake, spana ya nati ya pangaboi, bisibisi, koleo na kisu cha kukatia uzi. Msumari usikanyage ndani ya boti ile isipokuwa umeshika mbao.

7. Mashine ikitolewa majini isimamishwe wima mpaka maji yote yachuruzike. Isilazwe mguu ukiwa juu kuliko kichwa, maana maji ya mguuni yanarudi kwenye injini.

8. Fungu la matengenezo litengwe kutoka mauzo ya kila safari kabla ya mgao, si baada ya mgao. Na kamati isiwe na ruhusa ya kuligusa kwa soda. Nasema haya nikijihukumu mwenyewe.

Mwisho, fundi ametuambia yuko tayari kuwafundisha vijana wawili bure wakati akifunga mashine yetu. Napendekeza awe mvulana mmoja na msichana mmoja. Binti zetu wanaendesha pampu ya kisima na mashine ya kusaga bila kuvunja kitu, sioni kwa nini mguu wa boti uwashinde. Fundi atawaonyesha jambo nililoliona mimi nikabaki mdomo wazi: baada ya kufunga sili mpya, kabla ya kutia oili, alifunga pampu ya baiskeli kwenye tundu moja, akaziba la pili, akazamisha mguu kwenye nusu pipa la maji, akapuliza pole pole. Pasipotoka povu, sili zimeshika. Pakitoka povu, utaona ni wapi. Kwa pampu ya baiskeli, ndugu zangu! Chombo kilichomo katika kila nyumba ya tatu hapa Kikuyu, na sisi tulikuwa tunangoja mkopo wa benki.

Waliosema Usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa na boti, lakini walituona. Vijana watatu walikaa gizani juu ya maji kwa sababu ya pete ya mpira inayoenea kwenye kiganja cha mtoto. Safari hii walirudi. Mimi sitaki kuandika makala nyingine kwenye ukuta huu kuhusu safari ambayo watu hawakurudi.

Njooni Jumamosi. Anayepinga maoni yangu aandike yake hapa chini kabla ya siku hiyo, nafasi ipo na kalamu inaning'inia kwenye kamba. Lakini aje na jibu la swali moja: hiyo mashine mpya mnayotaka tuikopee, mguu wake atautunza nani? Atajeni jina.

Mwanachama mwenzenu,
Kikuyu, Dodoma.